Shingo ya Shangazi

Siku ya kwanza ya msimu, meza ya jikoni ilivutwa hadi mlangoni, ikatandikwa magazeti ya zamani, na mapeasi yakapangwa juu yake kwa safu, vikonyo vyote vikitazama upande mmoja. Yalikuwa ya kijani na magumu, ya kugongea msumari. Mama Chupa alipita kando ya meza akibonyeza kila peasi shingoni, pale karibu na kikonyo, kwa kidole gumba.

"Bado," alisema. "Bado. Bado. Hili nalo bado."

Alipofika mwisho wa safu, alimbonyeza binti yake shingoni, chini ya sikio.

"Bado," akasema, akaenda kuchemsha chai.

Mama Chupa alipewa jina hilo na mtaa, kwa sababu hapakuwa na kabati mtaani lisilokuwa na chupa yake ya mapeasi ya shira. Binti yake naye aliitwa Shangazi. Mtoto wa kaka yake ndiye aliyeanza kumwita hivyo, majirani wakadaka, na sasa hata mzee wa duka la dawa, ambaye alimzidi umri kwa mbali, alimwita Shangazi. Kwa umri wake angeweza kuwa na wajukuu. Lakini alikuwa hajaiva, na kwa hilo hakuna aliyebisha, maana lilionekana kwa macho. Ngozi yake ilikuwa ya kijani, ile ya tunda lililochumwa jana, na mwili wake ulikuwa mgumu kweli. Muuguzi wa zahanati alivunja sindano begani mwake, akachukua nyingine, nayo ikavunjika, akamwandikia vidonge. Daktari alimgongagonga mgongo kama mtu anayetafuta pa kutundika picha, akasema hana ugonjwa wowote, hajaiva tu, arudi nyumbani akaendelee na kazi zake.

Kazi zenyewe hazikuwa haba. Shangazi ndiye aliyepanda ngazi kuchuma. Ndiye aliyemenya, akapasua, akatoa mbegu, akatumbukiza vipande kwenye maji ya ndimu visije vikawa vyeusi. Ndiye aliyepika shira, akajaza chupa, akazichemsha kwenye sufuria kubwa na kukaa kando yake mpaka vifuniko vikaingia ndani kwa mlio mdogo. Mama yake alibonyeza. Kaka yake, muuza matairi, alikuja kubeba. Huyo kaka alitangazwa kuiva siku aliyozaliwa. Mama alimbonyeza shingo angali amefungwa nguo za hospitali, akasema huyu tayari, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwomba ainue kijiko isipokuwa cha kulia.

Fundi baiskeli aliingia katika habari hii kwa ajali. Alikuwa anajaribu breki za mteja, breki zikagoma, akamvaa Shangazi kwenye kona ya sokoni. Gurudumu la mbele likakunjika mara mbili. Shangazi hakusogea hata unyayo. Alipata doa dogo la kahawia pajani, basi.

"Umeumia?" alimuuliza fundi, aliyekuwa amelala mtaroni.

"Nimeumia," fundi akasema, "lakini si hapo unapopaangalia."

Shangazi alikuwa hajawahi kuambiwa neno la namna hiyo. Alikwenda nalo nyumbani, akachanganya sukari na chumvi, wakatupa sufuria nzima.

Fundi akaja kuposa msimu uleule. Mama Chupa alimpokea vizuri, akamkalisha, akamfungulia chupa na kumpa kijiko.

"Mwanangu, binti nakupa, nikunyime kwa nini?" alimwambia. "Ila hajaiva. Nikikupa sasa, kesho utaniletea lawama. Ngoja aive."

Fundi akangoja. Kila msimu alikuja, kila msimu akaambiwa bado, kila msimu akafunguliwa chupa. Alipoanza kuposa alikuwa mwembamba wa kupita kati ya spoki. Sasa alikuwa na tumbo la kuheshimika, na baiskeli za wateja aliogopa kuzipanda, alizijaribu kwa kuzisukuma. Mtaani walisema mapeasi yanamposa yeye. Fundi alicheka nao, akarudi kibandani kwake, akakaa na pampu mkononi. Alimpenda Shangazi, na uvumilivu wake wote haukuwa umemsaidia kitu.

Mwaka huu nyumbani kwa Mama Chupa alikuwepo mjukuu, yule mtoto wa muuza matairi. Alikuwa amemaliza shule, amepata nafasi chuo cha ufundi wa malori, anasubiri kifunguliwe. Waliitwa wasichana wengi majina ya maua mtaani pale. Yeye aliitwa Spana. Alitumwa amsaidie bibi, na akiwa huko akagundua jambo ambalo kila mtu alikuwa amekwisha kulizoea.

Bibi akipita mbele akisema bado, Shangazi alipita nyuma yake kimyakimya, akabonyeza upya, akalihamisha peasi lililoiva kwenda kwenye trei ya kumenya. Spana akaingiwa na wazo. Akaweka mshumaa kwenye safu. Bibi akaubonyeza. "Bado." Akaweka kitasa cha mlango kilichong'oka. "Bado." Akaweka peasi la msimu uliopita lililosahauliwa nyuma ya kabati, lililokuwa tope tupu ndani ya ngozi. Kidole gumba cha bibi kikazama mpaka kwenye kifundo, kikatoka kinachuruzika. "Bado," akasema bibi, akakifuta.

"Shangazi," Spana alisema bibi alipotoka, "bibi kidole chake kimekufa."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu shira ilipommwagikia. Wewe hujazaliwa."

"Na unakubali akubonyeze hivyohivyo?"

Shangazi alitumbukiza kipande kwenye maji ya ndimu. "Ni mama yangu. Na kidole kisipojua, shingo yangu inajua. Gusa mwenyewe."

Spana akagusa. Ilikuwa ngumu kama ukingo wa meza.

"Mwanzoni ilikuwa laini," Shangazi alisema. "Ilianza kukaza siku aliponiambia mara ya kwanza."

Spana akampelekea baba yake habari. Muuza matairi alikuwa anakula mapeasi kwa uma, akamsikiliza mpaka mwisho, akanywa na shira iliyobaki kwenye bakuli.

"Mama anajua kazi yake," akasema.

Kisha likaja joto. Wiki hiyo vipini vya visu vilinata mikononi na nyigu walijaa jikoni. Kwa kawaida nyigu walitua kwenye beseni la maganda. Safari hii walipita juu ya beseni, wakalidharau, wakatua begani kwa Shangazi, wakatulia hapo kama waliofika kwao. Alijinusa kwapani. Akanusa peasi lililoiva. Akapeleka kidole chini ya sikio, akabonyeza, na shingo ikabonyea.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka peke yake, akalia kidogo, akacheka tena. Furaha ilimjaa asijue aiweke wapi. Alikuwa na mchana mzima wa kumenya mbele yake, lakini kwa mara ya kwanza aliacha kisu katikati ya tunda.

"Mama," alisema, "nimeiva. Mwite fundi."

Mezani walikuwepo Mama Chupa, muuza matairi aliyefuata chupa za kuwazawadia wateja wake, na Spana. Mama Chupa alinyanyuka, akanawa, akambonyeza. Kidole kikaingia mpaka kwenye ukucha. Kilipotoka kiliacha kishimo, na kishimo kikatoa tone moja la maji matamu. Wote waliliona. Nyigu mmoja aliliwahi.

"Bado," akasema Mama Chupa.

"Mama, kidole kimezama!" Spana alipiga kelele.

"Usimfundishe bibi yako kazi," baba yake alimkata. Kisha akamtazama dada yake, akatazama trei zilizofika mpaka dirishani, na mtu angeweza kumwona anavyofikiri, maana si jambo alilolifanya mara kwa mara. "Mimi naona ni hili joto. Litamharibu. Mapeasi tukitaka yasiende mbio tunayaweka wapi? Stoo. Basi naye aingie stoo, apoe."

"Mpaka msimu uishe tu, mwanangu," Mama Chupa alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli. Hakuwa mwanamke mbaya. Yeye mwenyewe aliolewa wiki moja baada ya kumzika mama yake, na hakuona ajabu yoyote katika hilo. "Ukiondoka sasa, hizi trei nizifanye nini?"

Shangazi alikuwa hajawahi kumkatalia mama yake neno. Alitaka kukataa, tena alitaka sana, lakini hakujua kunaanzia wapi, na wakati anatafuta pa kuanzia walikuwa wamekwisha kumfunga magazeti kuanzia miguuni, kurasa za michezo kwa ndani kwa sababu ndizo zilizokuwa laini. Wakampeleka stoo.

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba, chumba cha mawe kilichochimbwa kwenye mteremko, sakafu yake ikimwagiwa maji kila siku ili ibaki baridi. Walimkalisha kati ya rafu, pamoja na mavuno mengine yote. Muuza matairi akatia kufuli, la usalama, akasema, kana kwamba mtaani kulikuwa na wezi wa dada. Mama Chupa aliona si vizuri mtu mzima akae bure, basi asubuhi kufuli likafunguliwa, likaingizwa beseni la mapeasi na kisu, na jioni likatolewa beseni la vipande vilivyomenywa vizuri, mbegu mbali, maganda mbali. Shangazi akaanza kurudi kijani kuanzia vidole vya miguu.

Spana alikwenda kibandani kwa fundi akamweleza yote bila kupumua. Fundi alifuta mikono kwa tambara. Hakupiga meza wala hakuapa. Alivaa shati la kuposea, akaenda kwa Mama Chupa, akakaa, akafunguliwa chupa.

"Mama, nina swali la mapeasi," alisema.

Hakuna kitu kilichomfurahisha Mama Chupa kama hicho. "Uliza."

"Kwa nini msiyaache mtini mpaka yaive, mkayachuma tayari?"

"Thubutu! Peasi haliivi mtini. Ukiliacha linakudanganya. Nje zuri, ndani moyo umekwisha kuwa tope. Peasi unalichuma likiwa gumu, unalitoa kwa mama yake, liende likaivie kwingine. Ndivyo lilivyo."

Spana alitazama dari. Muuza matairi alikohoa, halafu akaona hana kikohozi, akaacha. Mama Chupa alimtazama fundi usoni kwa utulivu, kama mwalimu anayengoja swali la pili.

"Kwa hiyo binti naye..." fundi alianza.

"Binti ni binti. Tunazungumza mapeasi."

"Sawa, mama. Na mtu akitaka kuyaharakisha?"

"Unayavundika. Unafunga mahali, unaweka na ndizi mbivu katikati. Zile zilizoiva mpaka zina madoa. Ndizi ikiiva inawaambukiza wenzake. Lakini angalia, usizidishe, yataiva yote kwa mpigo, utakosa pa kukimbilia."

Fundi alimshukuru, akamaliza chupa, akaenda sokoni moja kwa moja.

Stoo ilikuwa na kidirisha cha hewa, cha kupitisha mkono. Mchana, wakati Mama Chupa amejinyoosha kitandani, fundi alipita nyuma akiwa na kikapu, akaanza kuingiza ndizi mojamoja.

"Nani?" Shangazi aliuliza ndani.

"Mimi. Shika. Nimeleta zenye madoa."

"Hizi mbili hazina kitu, kamuuzie mwingine. Lete hiyo nyeusi." Ndizi nyeusi ikaingia. "Fundi."

"Naam."

"Miguu yangu inarudi kijani."

"Ndiyo maana nimeleta kikapu kizima," fundi alisema, na akaacha mkono wake ndani ya kidirisha, Shangazi akaushika mpaka walipomsikia Mama Chupa akivuta viatu.

Fundi alirudi kila mchana. Alizidisha, bila shaka. Hakuwa mtu wa vipimo, na alikuwa amengoja mno.

Asubuhi moja mtaa uliamka na harufu. Watu wa benki walihesabu vibaya kwa sababu ya mate. Hakimu aliahirisha kesi akaenda kutafuta kitu cha kula. Nyigu walijipanga juu ya paa la stoo kwa utaratibu, kama watu wanaongoja ofisi ifunguliwe. Mama Chupa alifungua kufuli, akasukuma mlango. Mapeasi yote, rafu zote, yalikuwa ya manjano ya kuwaka, magazeti yamelowa chapachapa, na katikati alikaa Shangazi, wa manjano kuanzia unyayo hadi paji la uso, shavu moja lina wekundu kidogo upande ulioelekea kidirishani. Alikuwa mzuri. Mama yake aliliona hilo, na kwa dakika moja alisimama tu akimtazama.

"Nani kayavundika?" kisha akauliza.

"Wewe, mama," Shangazi alisema. "Umeeleza mwenyewe mezani."

Hapakuwa na nafasi ya ugomvi. Mapeasi yale yalikuwa ya leo. Kesho yangekuwa siki, keshokutwa ya kutupa, msimu mzima. Trei zikatolewa, sufuria zikawekwa, muuza matairi akaitwa, akaja, akakaa. Fundi naye alikuwa getini na baiskeli, nyuma ameifunga mito ya kitandani, mito ya kochi, na kitu laini zaidi kilichoonekana kuwa godoro la mtoto.

"Mama, uliniambia ningoje aive," alisema. "Ameiva."

Mama Chupa alimgeukia binti yake. Alinyoosha mkono. Kidole kilizama chini ya sikio, juisi ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Bado," akasema. "Funga aproni."

Shangazi alitazama trei. Maisha yake yote hajaona peasi likiharibika akakaa kimya. Mkono ulijiendea wenyewe, ukachukua kisu, ukamenya moja, ukachukua la pili. Fundi alishikilia baiskeli isianguke. Pale kipini kilipogusa kiganja cha Shangazi palianza kuwa kahawia. Aliona, akaendelea. Kahawia ikapanda kwenye kifundo cha mkono. Akachukua la tatu. Alikuwa anaharibika mbele ya macho yao na bado anamenya.

"Lete," Spana alisema, akamnyang'anya kisu. "Nenda, Shangazi. Hizi trei nitazimaliza mimi."

"Twende wote."

"Baiskeli gani hiyo ya kubeba watu watatu, na fundi mwenyewe ndiye huyo alivyo? Nenda, unachubuka. Nitamaliza hizi za leo tu."

Shangazi alimkumbatia, kwa uangalifu, akilia waziwazi. Akavua aproni, Spana akaifunga kiunoni mwake. Akaketi juu ya mito. Fundi akapanda, baiskeli ikaguna, wakaondoka, na nyigu wakanyanyuka juu ya paa wakawafuata kwa msururu mrefu mpaka kona ya sokoni. Watu waliwapisha, wakarudi kwenye shughuli zao.

Mama Chupa alitoka mpaka getini. "Pita taratibu kwenye matuta!" alimpigia kelele fundi. "Atapondeka!"

Kisha akarudi jikoni, akabandika shira, akanawa mikono, akaanza kupita kando ya meza. Bonyeza, juisi puu. "Bado." Bonyeza, puu. "Bado. Hili nalo bado." Alipofika mwisho wa safu alimkuta Spana ameinama juu ya beseni, anajizuia kucheka. Akambonyeza shingoni, chini ya sikio. Ilikuwa shingo ya msichana, laini, ya moto, ina mshipa unaopiga.

"Bado," akasema.

Spana akaangua kicheko. Alikijua kile kidole, alikuwa amekibonyezesha mshumaa. Alicheka mpaka sukari ikayeyuka. Alikuwa bado anatabasamu alipokwenda kunawa, akaona kijani kwenye kucha. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa ndimu. Kijani kilikuwa kimefika kwenye viungo vya vidole. Aliposhika ukingo wa meza, kiganja chake kiligonga ubao, ko!

"Bibi," alisema, "chuo kinafunguliwa Jumatatu."

"Kitakungoja," bibi alisema, akikoroga. "Nikikupeleka sasa wataniletea lawama."

Spana alimtazama baba yake. Muuza matairi aliinua macho, akamwona binti yake alivyokuwa, kijani mpaka kwenye viwiko, akafikiri.

"Chupa zangu zitakuwa tayari lini?" akauliza.

"Jioni," akajibu Mama Chupa.

Spana alichukua peasi jingine, akaanza kulimenya kuanzia shingoni.